Kupanda Vuria kwa siku moja na marafiki, mkitokea Mombasa

Mtu wa Mombasa akisema anasikia baridi, mara nyingi anazungumzia usiku wa Julai, kusi ikivuma kutoka baharini na mama wa nyumba amejitanda leso mabegani. Baridi hiyo haimzuii mtu kutoka na ndara. Ndiyo maana wengi wetu tukialikwa mlimani tunakwenda na fulana moja, raba za kuchezea mpira na chupa ya soda, na ndiyo maana naandika mwongozo huu. Nimeona rafiki yangu akitetemeka hadi anashindwa kufungua zipu ya begi lake mwenyewe, na hapo hatukuwa hata na saa tano kutoka nyumbani.

Mlima ninaouzungumzia ni Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya kawaida, joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukitoka Mombasa alfajiri yenye nyuzi 21, tarajia kukuta nyuzi 8 au 10 kule juu asubuhi, na ukungu juu yake. Ukungu huo tunaujua asili yake: ni kusi ileile inayotupulizia huku. Hewa yenye unyevu wa Bahari ya Hindi inavuka nyika kavu ya Taru na Tsavo, inagonga milima ya Taita, inapanda, inapoa, inageuka wingu. Ukiwa ndani ya wingu hilo hakunyeshi, lakini baada ya nusu saa nywele zinadondosha maji.

Wenzetu wa nchi za theluji wakipanda vilele majira ya baridi hufunga chini ya buti zao viatu vipana mfano wa uteo, ili wasizame. Sisi hatuvihitaji. Theluji iliyo karibu nasi iko Kilimanjaro na Mlima Kenya, na safari hizo si za siku moja. Lakini wanachokijua wao kuhusu kutembea baridini kinatufaa neno kwa neno: kaa mkavu, usijichoshe mapema, na panga saa ya kugeuka kabla hujaondoka nyumbani. Yote nitakayoeleza yanarudi kwenye kukaa mkavu.

Hatua ya 1: Chagueni kundi na mwezi

Watu sita mpaka kumi na wawili wanatosha kujaza matatu ya abiria 14 na mizigo yao. Wakizidi hapo, nusu ya siku inakwisha kwa kusubiriana.

Kipupwe, yaani Juni mpaka Agosti, ndio msimu wa baridi na ukungu, na mimi naupenda kwa sababu njia huwa haina matope ya masika na jua halichomi. Anayetaka kuona mbali aende Januari au Februari. Masika, Aprili na Mei, acheni kabisa: udongo wa Taita ukilowa unateleza kama sabuni, na barabara za juu zinaharibika.

Kabla ya kumwandika mtu kwenye orodha, muulizeni afya yake bila kuoneana haya. Mwenye pumu aje na pampu yake, iwe mfukoni na si kwenye begi lililobaki garini, kwa sababu hewa baridi na kupanda kwa kasi vinaweza kuamsha pumu. Na hili ni letu hasa watu wa Pwani: ugonjwa wa selimundu (sickle cell) uko katika familia nyingi hapa, na baridi, kiu na uchovu ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha maumivu yake. Mwenye ugonjwa huo asipande mpaka azungumze na daktari wake. Ni bora kumwambia mtu ukweli huu sebuleni kwake kuliko kumbeba mgongoni ukunguni.

Hatua ya 2: Wiki nne za mazoezi

Mji wetu ni tambarare, na miguu yetu inajua hivyo. Ngazi ndiyo dawa. Mwenye kuishi ghorofa ya nne apande na kushuka mara tano, siku tatu kwa wiki, akiwa na begi lenye lita tatu za maji. Maji ya bahari yakitoka, tembeeni mchangani Nyali au Bamburi kwa saa moja na nusu. Mchanga laini unaamsha misuli ya kifundo cha mguu ambayo lami haiigusi.

Wiki ya tatu fanyeni jaribio la pamoja. Vukeni Likoni mwende Shimba Hills, mshuke na askari wa hifadhi mpaka maporomoko ya Sheldrick. Kushuka ni raha, ila kupanda kurudi garini kutawaambia nani yuko tayari na nani anahitaji wiki mbili zaidi. Vaeni siku hiyo viatu vilevile mtakavyopandia Vuria. Kiatu kipya hakianzwi mlimani.

Hatua ya 3: Nguo

Hapa naomba msomaji asiruke mstari.

Pamba ndiyo adui. Fulana ya pamba inanyonya jasho, inabaki imelowa, na ukisimama kupumzika upepo unaigeuza barafu mgongoni. Jinzi ni mbaya zaidi, maana ikilowa inakuwa nzito na haikauki siku nzima. Nguo ya kugusa mwili iwe ya poliesta. Wengi mnayo tayari: jezi ya mpira. Jezi inatoa jasho nje na kukauka ukiwa unatembea.

Juu ya jezi, sweta ya manyoya au ya sufu. Juu ya sweta, koti jepesi la mvua lenye kofia. Nguo tatu nyembamba zinashinda koti moja zito, kwa kuwa unaweza kuvua na kuvaa kadiri mwili unavyotaka. Nendeni Kongowea kwenye mitumba mkatafute. Mara nyingi makoti ya baridi yanalala chini ya rundo kwa sababu wateja wake mjini si wengi, na mwenye subira anapata kitu kizuri kwa bei ya chakula cha mchana. Likague koti la mvua kwa kumwagia maji kidogo: yakibaki matone juu yake, linafaa, yakizama, lirudishe.

Dada zetu wanaovaa buibui au dera wafikirie upindo. Dera likilowa umande linaburura, linakanyagwa, na mtu anaanguka kwenye mawe. Suruali pana ya kitambaa cha michezo, kanzu fupi inayofika magotini na mtandio mdogo wa kufunga, usioning'inia, vinasitiri vizuri na miguu inabaki huru. Buibui libaki garini kwa ajili ya barabarani na mjini.

Kofia ya sufu na glavu ni kwa kila mtu. Soksi ni pea mbili, moja miguuni na moja kavu kwenye begi. Viatu viwe na meno chini. Buti ni bora, raba ngumu yenye meno inatosha, na raba laini iliyokwisha chini ibaki nyumbani. Msituni suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu.

Kisha seti nzima ya nguo kavu, mpaka ya ndani, ibaki kwenye gari. Mkirudi mtanishukuru.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Lita mbili za maji kwa kila mtu, tatu kwa anayetoka jasho jingi. Baridini mtu hasikii kiu lakini mwili unapoteza maji vilevile, kwa hiyo kunyweni kwa saa, si kwa hamu. Maji yawe kwenye chupa za kujaza tena. Tangu Juni 5, 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, misitu ikiwemo.

Vyakula vyetu vimeumbwa kwa kazi hii. Tende, kashata za nazi na vipande vya halua vinakaa mfukoni, vinaliwa bila kuvua glavu na vinatia nguvu haraka. Mahamri ya jana usiku yanafaa kwa kituo kikubwa, pamoja na mayai ya kuchemsha. Mbaazi ziacheni garini, maana zinamwagika. Kitu kimoja nisichokubali kikose ni chupa kubwa ya chai ya tangawizi yenye sukari, chupa moja kwa watu wanne. Mvua au ukungu ukiwapata juu, hiyo chai ni dawa.

Hatua ya 5: Mwenyeji

Msipande bila mtu wa pale. Njia za Taita zinapita kati ya mashamba, misitu ya mikaratusi na misonobari, na vipande vya msitu wa asili, zinagawanyika kila mara, na ukunguni zote zinafanana. Piga simu wiki moja kabla, kwa ofisi ya misitu au kwa nyumba ya wageni ya Wundanyi, uombe kiongozi na uulize kama kuna ada au kibali. Mkubaliane malipo kabla ya siku yenyewe, na mlipe yote mkishuka, bila kujadili upya.

Kiongozi huyo pia atawaepusha na makosa ya adabu. Wataita walikuwa wakihifadhi mafuvu ya wazee wao kwenye mapango, na mengine yapo hadi leo. Vilevile kuna misitu ya fighi, mahali patakatifu pa ukoo, ambapo hakukatwi mti. Akikwambia hapa hatupiti au hapa hatupigi picha, basi. Kwetu nani angefurahi mgeni akipanda juu ya kaburi la babu yake kupiga picha?

Hatua ya 6: Barabara

Ondokeni saa tisa na nusu usiku. Najua ni saa ngumu, lakini malori ya Changamwe na Mariakani hayana huruma, na kila dakika mnayoipoteza Miritini mnailipa baadaye mlimani. Treni ya asubuhi kutoka Miritini inasimama Voi, lakini ikifika jua limeshapanda, haiwafai kwa safari ya siku moja.

Mpango wetu umekuwa kusali alfajiri Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo madereva wa barabara hii husimama siku zote. Pale kuna maji ya udhu na choo. Nasema choo kwa makusudi: kuanzia hapo mpaka Voi na Mwatate barabara inapita nchi ya Tsavo, ndovu wanavuka, na simba wapo. Mtu asishuke gizani kwenda kichakani kujisaidia.

Voi ni takriban kilomita 150 kutoka Mombasa. Hapo kateni kushoto, kama kilomita 25 mpaka Mwatate, kisha 15 hivi za kupanda kwa kona mpaka Wundanyi. Mwenye kichefuchefu akae mbele. Mkiona kandokando kabeji na sukuma kwenye matuta yaliyopangwa kama ngazi, fungueni madirisha mwonje hewa. Nyingi ya mboga hizo huishia masokoni kwetu.

Dereva asipande mlima. Hili halina mjadala. Alale garini mkiwa juu, ale vizuri, ndipo awarudishe salama usiku.

Hatua ya 7: Kupanda

Kwa kundi jipya, gari liwasogeze kutoka Wundanyi mpaka vijiji vilivyo chini ya kilele, mwanze kutembea saa mbili na robo asubuhi. Kundi lenye miguu linaweza kuanzia upande wa Wesu, likapita chini ya Iyale na kuendelea magharibi, lakini hiyo ni siku ndefu na mimi siipendekezi kwa mara ya kwanza.

Anzeni mkiwa mnasikia baridi kidogo. Vueni sweta kabla ya kuondoka, kwani dakika kumi baadaye mtakuwa na joto, na mkianza na sweta italowa jasho na haitawafaa juu. Aliye mzito wa mwendo kuliko wote atangulie nyuma ya kiongozi, yeye ndiye saa ya kundi. Mwenye nguvu zaidi awe wa mwisho, na asimpite mtu yeyote hata kwa sababu gani. Kama hamwezi kuzungumza sentensi nzima mkitembea, mnakwenda mbio. Kila nusu saa simameni dakika tano, zisizidi, na kila anayesimama avae sweta hapohapo kabla ya kufungua chakula.

Msitu wa asili ukianza mtaujua kwa kimya chake na kwa kuvumwani zilizoning'inia matawini. Tembeeni polepole zaidi hapo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mizizi inayoteleza. Ya pili ni kwamba milima hii ya Taita ina viumbe wasiopatikana kwingine duniani: vindege, vyura, na kinyonga mwenye pembe mbili puani, mdogo, ambaye kiongozi mwenye macho atawaonyesha kwenye tawi. Vipande vya msitu vilivyobaki ni vidogo mno. Msikate fimbo humo, njooni nazo, na msiache hata ganda la yai.

Ukungu ukishuka, kila mtu amwone wa mbele na wa nyuma yake. Mkipoteana, aliyepotea asimame palepale alipo. Apulize filimbi mara sita ndani ya dakika moja, apumzike dakika moja, arudie. Filimbi bei yake si kitu, kila mtu awe nayo shingoni.

Hatua ya 8: Kutambua baridi inayodhuru

Rafiki niliyemtaja mwanzoni alikuwa na fulana ya pamba na koti la jinzi. Alipanda vizuri, akicheka, akitoka jasho. Tulipofika kileleni, karibu na minara ya mawasiliano, tulisimama kupiga picha dakika ishirini ndani ya ukungu na upepo. Kwanza alitetemeka. Kisha vidole vikakataa kushika kitu. Kisha akaanza kujibu maswali kwa uvivu, maneno yakivutana, na akasema yuko sawa tu, tumwache akae. Hapo ndipo niliogopa, na nilikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mwili hauhitaji theluji ili upoe kiasi cha hatari. Maji na upepo kwenye nyuzi 10 vinatosha.

Dalili ni hizo, na mara nyingi huja kwa mpangilio huo: kutetemeka, vidole kukosa ustadi, ulimi mzito, kujikwaa, kutojali. Mtu akiacha kutetemeka na bado ni baridi, hali imekuwa mbaya, si nzuri.

Mwondoeni upeponi. Mvueni kilicholowa, wanawake wamzunguke mwenzao na wanaume mwenzao, mmvike kavu, kofia kichwani. Mkalisheni juu ya begi, si juu ya ardhi. Kama ana fahamu na anameza vizuri, mpeni chai tamu kidogokidogo, na halua. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Akipata nguvu, shukeni naye mara moja, watu wawili wakimwandama. Asipopata nguvu, pigeni 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199. Hospitali iliyo karibu iko Wesu.

Yeye alipona kwa sweta ya mwenzake na vikombe viwili vya tangawizi. Tangu siku hiyo kila kundi ninaloliongoza linabeba sweta moja ya ziada isiyo ya mtu yeyote.

Hatua ya 9: Kileleni, na saa ya kugeuka

Saa saba mchana ndiyo saa ya kugeuka, hata kama kilele mnakiona. Andikeni kwenye simu zenu kabla ya kuondoka Mombasa, kwa sababu juu kule kila mtu atakuwa na hoja. Jua linatua kama saa kumi na mbili na nusu, lakini ndani ya msitu wenye ukungu giza hutangulia. Tochi za kichwani ziwepo hata hivyo.

Mkifika mapema na mbingu ikifunguka, tazameni magharibi. Siku safi Kilimanjaro inaonekana, mita 5,895, na weupe wake juu. Nimeiona mara moja tu katika safari nne, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Rafiki yetu mmoja aliyezaliwa Kibokoni na hajawahi kuona theluji alitoa machozi, na wote tulinyamaza.

Hatua ya 10: Kushuka na kurudi

Wengi huumia wakishuka. Magoti yalegee kidogo, hatua ziwe fupi, fimbo itangulie. Kazeni kamba za viatu kabla ya kuanza ili vidole visigonge mbele. Msikimbie kwenye majani ya misonobari, yanateleza hata yakiwa makavu.

Garini, kabla ya salamu na picha, kila mtu abadilishe nguo zote. Kisha kuleni Wundanyi chakula cha moto, mkikipata kimanga kileni, viazi na maharagwe vilivyopondwa pamoja, vinashika tumbo mpaka Mombasa. Mkiondoka saa kumi na nusu mtapita nchi ya ndovu kabla giza halijakolea, na saa nne kasoro usiku mtakuwa Makupa. Mmoja akae macho kumsemesha dereva njia nzima, kwa zamu.

Viatu vilivyolowa visianikwe juani wala kando ya jiko, ngozi itapasuka na gundi itaachia. Toeni nyayo za ndani, jazeni magazeti, badilisheni magazeti asubuhi yake, viacheni kivulini penye upepo. Siku ya tatu viko tayari.